Hewa Inayoingia, Hewa Inayotoka: Kutafuta Hitilafu ya Presha ya Kabini katika Ndege za Tabopropu

(Mhadhara kwa umma uliotolewa Kitale na kurudiwa Bungoma. Umechapishwa karibu kama ulivyosemwa.)

 

Pale mlangoni kuna aliyeniuliza, kwa upole lakini kwa makali, ni kitu gani kimenifanya nilete habari za presha ya kabini Kitale. Ndege tulizozoea kuziona zikitua hapa kwetu, au kule Matulo karibu na Webuye, ni za mfano wa Cessna Caravan, ambazo kabini zake hazijazwi hewa. Anachovuta abiria ndicho kilichoko nje ya dirisha. Swali hilo ni la haki na nitalijibu kwa pande mbili. Msafiri wa Trans Nzoia au Bungoma anayekwenda Nairobi au Mombasa hupandia ndege Eldoret au Kisumu, na huko si ajabu akaingia kwenye Dash 8. Mgonjwa anayechukuliwa na madaktari warukao wa AMREF huenda akalazwa ndani ya Pilatus PC-12. Zote hizo ni tabopropu: injini ya tabaini inazungusha rafadha, na injini hiyo hiyo ndiyo inayowapa hewa walio ndani. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ndio ulionileta hasa: sisi tunaishi juu, na kuishi juu kunabadilisha namna hitilafu hii inavyojionyesha. Dash 8 ilibuniwa Kanada, PC-12 Uswisi, King Air Marekani. Vitabu vyake vya matengenezo ni vizuri na lazima vifuatwe, lakini havikuandikwa na mtu anayeanza safari yake ya kila siku akiwa tayari futi 6,000 au 7,000 juu ya bahari.

Kusudi langu, basi, ni kuonyesha jinsi fundi anavyotoka kwenye lalamiko la abiria hadi kwenye kifaa chenye kasoro bila kubahatisha, na ni kwa nini katika miinuko yetu lalamiko hilo huchelewa kutolewa. Nina hoja tano. Mwenyekiti amenionya kuhusu muda, kwa hiyo nyingine nitazipita mbio.

Hoja ya kwanza: kabini ni chombo kinachovuja kwa makusudi

Wengi hudhani kabini ya ndege imezibwa kama mkebe. Haikuzibwa. Hewa huchotwa kwenye kompresa ya injini ikiwa na joto kali, hupozwa, kisha husukumwa ndani bila kukoma tangu ndege inaporuka hadi inapotua. Nyuma ya kabini, mara nyingi karibu na mkia, kuna vali ya kutolea hewa. Vali hiyo ikijifunga kidogo, hewa inarundikana ndani na presha inapanda. Ikijifungua, presha inashuka. Kidhibiti kilichoko mbele kwa rubani ndicho kinachoiamuru. Kando yake kuna vali ya usalama inayofunguka yenyewe presha ikizidi kiwango, na njia nyingine ya kuingiza hewa kama ya nje itaizidi ya ndani. Mtambo wote ni huo. Kila hitilafu nitakayoitaja usiku huu ni moja kati ya hizi: hewa inayoingia ni kidogo, inayotoka ni nyingi, au aliyekabidhiwa kuamuru na kupima anasema uongo.

Tuweke tarakimu, ili tusizungumze hewani. (Kicheko.) Presha ya hewa Mombasa ufukweni ni takriban pauni 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Hapa Kitale, kwenye futi 6,000 hivi, ni 11.8. Kwenye futi 25,000, ambako tabopropu nyingi kubwa zina mpaka wao, imebaki 5.45. Dash 8 imejengwa kustahimili tofauti ya pauni 5.5 hivi kati ya ndani na nje. Jumlisha 5.45 na 5.5 upate 10.95, ambayo ni presha ya futi 8,000, yaani karibu na kimo cha Iten. Futi 8,000 si bahati: ndicho kiwango cha juu ambacho kanuni za kutengeneza ndege za abiria zinaruhusu kabini ifike katika hali ya kawaida.

Pauni 5.5 kwa inchi moja zinasikika kama kitu cha kuchezea, kwa sababu tairi ya gari ina zaidi ya 30. Ila tairi haina mlango. Chukua mlango wenye eneo la mita moja ya mraba: presha hiyo inausukuma kwa uzito wa karibu kilo 3,870. Kwa lugha ya Kitale hayo ni magunia 43 ya mahindi, ya kilo 90 kila moja, yameegemea kitu cha ukubwa wa meza hii. Kisha yanatolewa. Kisha yanaegemezwa tena katika safari inayofuata, na hivyo hivyo kwa maisha yote ya ndege.

Madhara ya kujaza na kutoa huko yalijulikana kwa gharama kubwa, na Afrika Mashariki iliishuhudia ndege yenyewe. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet yenye alama G-ALYP iliondoka London kwenda Johannesburg ikipitia Entebbe. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya jeti kubeba abiria kwa ratiba. Mnamo tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba nchini Italia. Wachunguzi walijaza na kutoa presha katika Comet nyingine, wakiwa wameizamisha ndani ya tangi la maji, hadi ngozi yake ikapasuka, na ndipo ikajulikana kwamba metali ilichoshwa na kujazwa na kutolewa hewa mara nyingi. Nawatajia hili kwa sababu ya fundi anayesikia mlio wa hewa pembeni mwa dirisha na kukimbilia kuziba kwa gundi. Mahali hapo panaweza kuwa mpira uliozeeka. Panaweza pia kuwa ufa. Kabla ya kuziba, jua unaziba nini.

Hoja ya pili: geji tatu husomwa pamoja

Mbele ya rubani kuna vipimo vitatu vinavyohusu habari yetu. Kimoja kinaonyesha kimo cha kabini, yaani hewa ya ndani inalingana na ya futi ngapi. Cha pili kinaonyesha kabini inapanda au kushuka kwa kasi gani. Cha tatu kinaonyesha tofauti ya presha kati ya ndani na nje. Lalamiko likiandikwa kwenye kitabu cha ndege kwa maneno "presha mbaya", fundi hana cha kufanyia kazi. Anahitaji geji zote tatu, kimo cha ndege, na nguvu ya injini, vyote vya dakika ile ile. Vijana mnaotaka kazi hii, jifunzeni mapema kumhoji rubani kwa adabu. Yeye alikuwepo, wewe hukuwepo.

Kabla ya yote, zipime geji zenyewe. Hapa miinuko yetu inatusaidia. Ndege ikiwa imeegeshwa Kitale, mlango wazi, geji ya kimo cha kabini inapaswa kusoma karibu futi 6,000, na ya tofauti isome sifuri. Ikiwa ya kwanza inasema 4,500, au ya pili inasema nusu pauni, basi mgonjwa ni geji au kijipaipu kilicho nyuma yake, na mtu angeweza kubadilisha vali mbili na kidhibiti kimoja bila kumtibu. Pwani kosa la namna hii ni rahisi kulipuuza, kwa kuwa mshale unalala karibu na sifuri na macho huridhika.

Geji zikiwa za kweli, tuendelee. Tuseme rubani anasema: nilipanda vizuri, lakini nilipofika juu kimo cha kabini kiliendelea kupanda pole pole na tofauti haikufika kiwango. Swali la kwanza ni hili: ulipoongeza nguvu ya injini, hali ilikuwa nafuu? Ikiwa kabini inatulia injini zikivuma na kuanza kupanda tena zinapopunguzwa kwa kuteremka, basi vali ya kutolea hewa imeshajifunga kabisa na haina cha kufanya zaidi. Hewa inapita mahali pengine, au inayoletwa ni haba. Sasa zitenganishe. Kwenye ndege ya injini mbili unafunga hewa ya injini ya kushoto ukitazama geji, unaifungua, kisha unafunga ya kulia. Injini moja ikiweza kubeba kabini peke yake na nyingine ikashindwa, umeupata upande: vali ya kupitisha hewa imekwama, bomba limepasuka nyuma ya ukuta wa moto, au kibano kimelegea. Usisahau ile vali ndogo inayozuia hewa isirudi nyuma. Ikikwama wazi, hewa nzuri kutoka injini nzima inakimbilia upande mbovu, na utailaumu injini isiyo na hatia. Na kama zote mbili zinafanana kwa udhaifu, achana na injini. Si kawaida vifaa viwili kufa siku moja. Tafuta kinachozihusu zote.

PC-12 haina anasa hiyo. Injini yake ni moja, kwa hiyo chanzo cha hewa ni kimoja, na kulinganisha kushoto na kulia hakupo. Fundi wake hutegemea zaidi vipimo vya chini na historia ya ndege.

Kuna dalili moja ambayo hupuuzwa kwa kuwa inaletwa na abiria na siyo geji. Hewa inayojaza kabini ndiyo hiyo hiyo inayoipasha joto. Abiria wa viti vya nyuma akisema masikio yalimuuma na miguu ikapigwa baridi, wengi huandika malalamiko mawili, yakapelekwa kwa mafundi wawili. Ni moja. Hewa ya moto haifiki.

Sasa hali nyingine. Rubani anasema ndege haikushika presha hata kidogo tangu ilipoondoka chini. Msifungue kitu bado. Uvujaji wa kawaida hauwezi kuondoa presha yote; kitu kikubwa kiko wazi, au kuna aliyeambiwa kwamba ndege bado iko ardhini. Kwenye mguu wa ndege kuna swichi inayojua kama magurudumu yamebeba uzito. Ndege ikiwa chini, swichi hiyo inaamuru vali ya usalama ikae wazi ili mlango ufunguke salama. Ikikwama, kwa tope la mvua za Aprili kwa mfano, inaendelea kusema "tuko chini" ndege ikiwa juu ya vilima vya Cherangani. Tazama pia ile swichi ya kumwaga hewa kwa dharura, ambayo mkoba wa mtu unaweza kuigusa, halafu mlango.

Hali ya tatu ni ya kabini inayopumua: masikio yanabanwa, yanaachiliwa, yanabanwa tena, na geji ya mwendo wa kabini inacheza juu na chini. Hapa hewa inaingia ya kutosha. Ugonjwa uko kwa anayeamuru: kidhibiti, filta yake, vijipaipu vinavyokiunganisha na vali, au vali yenyewe iliyochafuka ikawa inafunguka kwa kushtuka. Wazee wa kazi hii wanakumbuka enzi za sigara ndani ya ndege, ambapo vali ya kutolea hewa ilipakwa lami ya moshi mpaka ikanata. Siku hizi sigara zimekwisha, lakini vumbi la murram halijakwisha. Bungoma kuna kijana aliyeniuliza kwa nini tusianze na kidhibiti daima, kwa kuwa ndicho ubongo. Nilimjibu kwamba ndicho ghali pia, na kwamba filta huondolewa na kutazamwa kabla chai haijapoa.

Hoja ya tatu: safari fupi za miinuko huficha uvujaji

Hii ndiyo hoja iliyonitoa nyumbani, kwa hiyo mnivumilie na hesabu.

Chukua ndege ambayo imezeeka mipira na haiwezi tena kushika zaidi ya pauni 3 za tofauti. Ni ndege mbovu, bila shaka: imepoteza karibu nusu ya uwezo wake. Sasa irushe kutoka Eldoret kwenda Nairobi kwa futi 18,000. Presha ya nje huko ni pauni 7.34. Ongeza 3, upate 10.34, ambayo ni kabini ya futi 9,400 hivi. Taa na kengele za tahadhari katika ndege nyingi za abiria hulia kabini ikifika futi 10,000. Kwa hiyo hapana kengele. Abiria aliyepanda Eldoret, kwenye futi 6,900, amepandishwa futi 2,500 tu ndani ya kabini, na masikio yake hayakuona ajabu. Chini ya saa moja baadaye yuko Nairobi anatafuta teksi. Hakuna aliyelalamika, na kitabu cha ndege ni safi.

Kesho yake ndege hiyo inapangiwa safari ndefu, na rubani anapanda futi 25,000 ili kuokoa mafuta. Nje ni 5.45. Ongeza zile 3: 8.45. Hiyo ni kabini ya futi 14,500, juu kuliko kilele cha Wagagai katika Mlima Elgon, chenye mita 4,321 ambazo ni futi 14,177. Ndege haikuharibika usiku. Ilikuwa hivyo hivyo jana.

Ndiyo maana nasema kengele si kipimo cha afya. Fundi wa ndege zinazofanya safari fupi za Eldoret, Lodwar na Nairobi aandike tofauti ya presha na nguvu ya injini kila mara anapopata nafasi, na alinganishe wiki kwa wiki. Tofauti inayofikiwa kwa nguvu ile ile ya injini ikianza kushuka, ameupata uvujaji miezi kadhaa kabla haujampata rubani. Na kipimo cha kujaza kabini ndege ikiwa ardhini kisiachwe kwa sababu "haina malalamiko".

Miinuko ina mtego wa pili. Katika ndege nyingi rubani humwambia kidhibiti kimo cha uwanja anaokwenda kutua. Mombasa ni futi 200, Eldoret 6,900. Ukiruka kutoka Mombasa na kuacha kidhibiti kikiamini kwamba unarudi Mombasa, kabini itajitahidi kuwa ya pwani wakati unakaribia Eldoret, nawe utagusa ardhi ukiwa na zaidi ya pauni 3 za ziada ndani. Swichi ya magurudumu inafungua vali, na kila sikio linapigwa kofi. Ukifanya kinyume, ukashuka Mombasa kidhibiti kikiwa bado kinasema Eldoret, ndege itapita futi 6,900 na kuanzia hapo kabini itashuka kwa kasi ile ile ya ndege, bila breki. Hapo ndipo watoto wote wanalia kwa pamoja. Lalamiko litaandikwa "kidhibiti kibovu", kipya kitaagizwa kwa dola, kitafungwa, na ndege "itapona", kwa sababu rubani wa safari iliyofuata aliweka tarakimu sahihi. Muulizeni kwanza alikuwa ameweka ngapi.

Kuhusu presha inayobaki ndani baada ya kutua, msiichukulie kama kero ya masikio tu. Mnamo Novemba 2000 huko Miami, Airbus A300 ilirudi kutua ikiwa kabini haijatoa presha yake. Mlango ulipofunguliwa ulifyatuka, na mhudumu aliyekuwa akiufungua akarushwa nje akafa. Rudini kwenye yale magunia.

Hoja ya nne: namna ya kumsaka mvujaji

Hapa nitasema kwa haraka kwa sababu kazi yenyewe ni ya mikono. Ndege inajazwa hewa ikiwa ardhini kwa mtambo wa nje, kwa kiwango cha kitabu chake, injini zimezimwa. Mtambo unafungwa na saa inatazamwa: presha inapaswa kushuka kwa muda usiopungua ule ulioandikwa. Ikishuka upesi, unazunguka nje na maji ya sabuni, na sikio. Anza na mlango, kwa kuwa ndio unaofunguliwa kila siku; mpira wake huliwa na jua, na makapi ya mizigo hukaa kwenye ukingo. Baadhi ya ndege, King Air mojawapo, zina mpira wa mlango unaojazwa hewa, na hapo mpira unaweza kuwa mzima ilhali kijipaipu kinachoujaza kimechomoka. Kisha nenda tumboni, kwenye vijitundu vya kutolea maji ambavyo hujifunga vyenyewe presha ikipanda. Tope likikaa humo havijifungi. Kisha pale nyaya za usukani zinapotoboa ukuta wa kabini. Michirizi ya uchafu kwenye rangi ya nje hukuonyesha hewa ilikokuwa ikipita hata kabla ya sabuni. Na hakuna mtu wa kusimama mbele ya mlango wakati wa kazi hii, awe fundi, awe meneja.

Swali lenye faida kuliko yote halihitaji sabuni: ni nini kilichoguswa mwisho? Ndege iliyotoka karakana juzi na leo haishiki presha haijazeeka kwa siku mbili. Na hapa ndipo lazima nitaje Helios, ingawa ilikuwa jeti. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Agosti 2005, Boeing 737 ya Helios Airways ilifanyiwa kipimo cha uvujaji huko Larnaca, Kupro, kwa sababu wahudumu walikuwa wamelalamikia mlango wa nyuma. Ili kupima, swichi ya presha huwekwa katika hali ya mkono. Haikurudishwa. Asubuhi marubani hawakuigundua. Ndege ikapanda bila kujaa hewa, kengele ya kimo cha kabini ikalia, nao wakaidhania kuwa ni ile ya maandalizi ya kuruka, kwa kuwa zilikuwa na sauti moja. Watu wote 121 walikufa ilipoanguka Grammatiko, karibu na Athens. Mnaona? Tiba ya hitilafu ndogo ya mlango ilizaa hitilafu kubwa. Katika karakana nzuri anayemaliza kipimo husoma kila swichi kwa sauti, na mwenzake ambaye hakushiriki huzipitia upya.

Hoja ya tano: aliyekosa hewa hajui kwamba amekosa

Mafundi wana muda wa kufikiri, rubani hana. Kwenye futi 25,000 bila oksijeni, mtu mzima mwenye afya ana dakika 3 hadi 5 za kufanya jambo la maana, na sehemu ya dakika hizo anajisikia vizuri mno. Mkimbiaji wa Kitale au Kapsabet asijidanganye kwamba mapafu yake yatamwokoa; huenda akapata nafuu kidogo, na nafuu hiyo haitoshi kuiteremsha ndege.

Tarehe 4 Septemba 2000, King Air 200 iliondoka Perth, Australia, kuelekea Leonora ikiwa na rubani mmoja na abiria saba. Ilipokuwa ikipanda, sauti ya rubani redioni ilianza kupotea. Ndege iliendelea yenyewe kwa takriban saa tano, ikavuka bara zima, ikaanguka karibu na Burketown, Queensland. Wachunguzi walihitimisha kwamba kabini haikuwa na presha ya kutosha, lakini sababu ya kukosa presha haikuweza kuthibitishwa. Onyo la ndege ile lilikuwa la taa bila sauti, na wachunguzi wakahimiza onyo la kusikika. Hiyo ni tabopropu, ya aina ambayo hata kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi, ipo.

Kwa hiyo utaratibu angani hauna mjadala: vaa barakoa ya oksijeni, teremka, ndipo uulize kilichotokea. Na abiria wajue kwamba tabopropu nyingi zilizoidhinishwa kuishia futi 25,000 hazina zile barakoa zinazodondoka kutoka darini, kwa sababu kanuni inazidai kwa zinazopanda juu zaidi. Tegemeo lao ni rubani kushuka mapema. Ndiyo sababu sipendi rubani anayejaribu kutengeneza presha angani. Kazi hiyo ni yetu, na sisi tuko chini tunamsubiri.

Tunakokwenda

Mwenyekiti anatazama saa, nami namalizia.

Ndege mpya hurekodi kimo cha kabini na tofauti ya presha kila sekunde, na kompyuta inaweza kuona uvujaji ukianza bila mtu kuandika chochote. Ni jambo jema. Lakini ndege zitakazoruka juu ya kaunti hizi kwa miaka mingi ijayo ni zile za zamani zilizonunuliwa kwingine zikiwa zimetumika, na hizo zitahitaji fundi anayejua kusoma mishale mitatu. Kijana anayetaka leseni ya ufundi wa ndege kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga atapita Embakasi au Wilson, sikatai, lakini njia ya kufikiri anaweza kuianza hapa hapa.

Nimewaletea walimu wa vyuo vya Kitale na Bungoma mchoro. Unaonyesha pipa la chuma lenye dirisha, kompresa ya kujazia tairi, vali mbili, geji tatu, na kijibomba chenye tundu linaloweza kufunguliwa kwa siri na mwalimu. Presha yake haizidi pauni 2, lina vali ya usalama ambayo haifungiki kwa mkono, na kila sehemu inapatikana katika maduka ya vipuri ya miji yetu hii miwili. Mwanafunzi atapewa lalamiko kwa maneno ya abiria, atasoma geji, kisha ataandika anachoshuku na sababu zake kabla hajaruhusiwa kushika spana. Pipa la kwanza likikamilika, nitakuja kuweka hitilafu mimi mwenyewe, na nawaahidi haitakuwa kwenye kidhibiti.

Sasa maswali. Tuanze na akina mama walioko nyuma, maana hao hawajasikiwa tangu jioni.